Ukoka, mboji na faini ya nyasi: kisa cha mtaa mmoja mkoani Tabora

Kisa hiki kimetokea katika mji mmoja mkoani Tabora. Majina ya halmashauri, kata, mtaa na wahusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Nilikifuatilia tangu kikao cha kwanza. Nimekiandika kwa ajili ya watendaji wa kata, maofisa mazingira na wenyeviti wa mitaa wanaofikiria kuwasaidia wakazi kutumia mboji kwenye nyua za nyumba zao.

Usuli

Mtaa uko kwenye mteremko, nyumba zimeshuka kutoka barabarani hadi bondeni. Udongo ni wa kichanga, kama ulivyo sehemu kubwa ya Unyamwezi: maji yanapita haraka, mbolea haikai, na ukiachwa wazi unaondoka na mvua. Mvua zenyewe huanza Novemba hivi na kukatika Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni jua na vumbi.

Kila asubuhi nyua zinafagiliwa kwa fagio za chelewa. Ni desturi ya heshima, nami siidharau hata kidogo. Uwanja uliofagiliwa unaonyesha nyumba ina mwenyewe, nyoka anaonekana mapema, na watoto wana pa kuchezea. Lakini kila ufagio unapopita huondoa majani yaliyodondoka, ambayo ndiyo chakula cha udongo, na kuacha mchanga mtupu ukingoje mvua ya kwanza. Kwenye nyumba moja ngazi ya mlangoni ilijengwa na vidato viwili. Leo mwenye nyumba amelazimika kuweka jiwe kubwa chini yake liwe kidato cha tatu, kwa sababu uwanja umeshuka. Mizizi ya miembe iko nje, na pembe za misingi zimeanza kulika.

Mchanga huo wote unaishia mtaroni. Barabara nyingi za mijini, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, lakini mchanga unatoka kwenye nyua za watu, na nyua hazina mamlaka ya kuzisimamia zaidi ya wenye nyumba. Mtaro ukizibuliwa Oktoba, kufika Januari umejaa tena na maji yanaingia ndani kwa watu wa bondeni.

Afisa mazingira wa halmashauri, mtu wa vitendo anayezijua nyumba za mtaa ule moja moja, alileta wazo la kuunganisha mambo mawili. Soko la kata linazalisha taka nyingi za mboga, maganda ya ndizi na, msimu wa maembe ukifika, marundo ya maembe yaliyooza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo halmashauri inagharamia kuzisomba hadi dampo. Alipendekeza taka hizo zigeuzwe mboji, na mboji itumike kuotesha ukoka kwenye nyua zilizo karibu na mtaro.

Alichagua ukoka wa kienyeji kwa makusudi. Nyasi za kununua kwenye vitalu, zile za hotelini, zinataka maji kiangazi kizima, na katika mji ambao watu wanapanga ndoo bombani hilo lisingewezekana. Ukoka hukauka na kuwa rangi ya kahawia kiangazi, halafu mvua ikinyesha unachipua tena kutoka kwenye vitambaazi vyake. Udhaifu wake kwenye mchanga mtupu ni kwamba unaota kwa viraka, huku kumejaa, kule upara. Mboji ndiyo inayoziba pengo hilo, kwa kuwa inaufanya mchanga ushike unyevu na kuachia virutubisho kidogo kidogo.

Maamuzi ya mwanzo

Hakukuwa na fungu la mboji kwenye bajeti ya mwaka ule. Fedha iliyokuwepo ni ya mikopo isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii akashauri kikundi cha akina mama ambacho tayari kilikuwa kinafanya usafi sokoni kiombe mkopo, kinunue matoroli, machepeo na turubai, kisha kiuze mboji. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara. Kikundi kilikuwa kimesajiliwa, kinajua taka, na kilikuwa na nidhamu.

Eneo lilipatikana nyuma ya soko, chini ya miembe mitatu. Mwenyekiti wa mtaa naye alitoa tamko ambalo halikugharimu chochote: majani yanayofagiliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, yasichomwe tena, yawekwe kwenye viroba kando ya njia ili guta liyapitie.

Ilikubaliwa pia kwamba nyumba zilizopakana na mtaro zipewe ndoo za kwanza bure, halmashauri ikilipia kikundi, na wengine wanunue.

Katika vikao vyote hivyo idara ya afya haikualikwa. Hakuna aliyekusudia kuiacha nje. Mboji ilionekana ni jambo la mazingira na kilimo, basi.

Msimu wa kwanza

Fedha ilitoka mwishoni mwa Agosti na marundo yakaanza Septemba, kilele cha kiangazi. Akina mama walifundishwa kwa siku moja, wakapanga tabaka la majani makavu ya miembe, tabaka la taka za mboga, tabaka la samadi ya ng'ombe, halafu maji.

Taabu ilianza kwenye maji. Rundo la mboji linataka unyevu kiasi kwamba ukiminya konzi yake yatoke matone machache tu. Wakati ule maji yalinunuliwa kwa dumu, na kikundi kikayabania. Sehemu ya chini ya marundo ikakauka, na mchwa wakaingia. Ili kuongeza wingi, kikundi kilichanganya maranda kutoka kwa mafundi seremala na pumba za mpunga kutoka mashineni. Vitu hivyo vina kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo sana. Rundo zuri linataka kaboni kati ya sehemu 25 na 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Maranda peke yake yana kaboni sehemu mia kadhaa kwa sehemu hiyo moja.

Baadhi ya wakazi nao walileta magugu waliyopalilia bustanini, yakiwa na ndago. Rundo likigeuzwa mara kwa mara na kupata joto la nyuzi 55 au zaidi kila upande, mbegu nyingi za magugu hufa. Marundo haya yaligeuzwa mara moja tu. Kwa hiyo ndago waliokuwa kingoni walipata makao mazuri.

Halafu kikaja kilichoharibu zaidi. Marejesho ya mkopo yalipangwa kuanza Novemba. Mboji iliyoanza Septemba, kwenye marundo yaliyokosa maji, haiwezi kuwa imeiva Novemba. Katibu wa kikundi alisema wazi kikaoni: "Haijaiva, bado ina moto na inanuka. Lakini tukisubiri iive tutarejesha nini?" Mvua zilikuwa zimeanza, wakazi wanataka kupanda, halmashauri inataka picha za uzinduzi. Mboji ikatoka.

Haikuchekechwa, kwa kuwa hapakuwa na chekeche. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mifuko, vizibo vya soda, na kokwa za maembe ambazo ndani ya wiki chache zilichipua miche katikati ya uwanja. Ukoka uliopandwa ulishika, lakini kufika Desemba ukageuka manjano kwenye nyumba nyingi. Bakteria walikuwa bado wanayavunja maranda, na ili kufanya kazi hiyo walikuwa wanachukua naitrojeni kutoka kwenye udongo uleule ambao ukoka ulitarajia kula. Kisha ndago wakaibuka. Kwa mkazi aliyeahidiwa uwanja wa kijani, alichokiona ni majani ya manjano yenye magugu, na akahitimisha kwamba mboji ni taka zilizobadilishwa jina.

Faini

Pale ukoka uliponusurika, hasa kwenye nyumba za bondeni, kufika katikati ya Januari ulikuwa umefika usawa wa ugoko. Siku moja ya ukaguzi wa usafi, bwana afya wa kata akiwa na mgambo alipita mtaani na sheria ndogo ya halmashauri mkononi. Sheria hiyo inamtaka mkazi asiache nyasi ndefu kuzunguka makazi, kwa sababu ya nyoka, panya na mbu. Alikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa karatasi aliyokuwa nayo. Nyumba moja iliandikiwa faini, na nyingine zikapewa siku saba.

Ndani ya siku hizo saba ukoka uling'olewa kwenye nyua nyingi kuliko ulivyouawa na manjano na ndago kwa pamoja. Nilimkuta bibi mmoja amekaa kibarazani, jembe pembeni, uwanja umeshapaliliwa nusu. Afisa mazingira akamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mlisema tupande. Wenzenu wamesema tung'oe. Mimi nimsikilize nani?"

Akaeleza kwamba angeweza kuuvumilia ukoka, ila majirani wameshaanza kusema uwanja wake umeota majani kwa sababu nyumba haina mwanamke wa kufagia. Faini ilikuwa ya kumalizia tu.

Uamuzi uliogeuza mambo

Mtendaji wa kata aliita Kamati ya Maendeleo ya Kata mwezi Februari, safari hii bwana afya akiwa meza moja na afisa mazingira na diwani. Kulikuwa na wazo la kurekebisha sheria ndogo. Likaachwa, kwa sababu utaratibu wake ni mrefu na msimu usingesubiri. Walichokubaliana ni mwongozo wa ukurasa mmoja, ulioandikwa na idara ya afya yenyewe na kubandikwa kwenye ofisi ya mtaa: ukoka uliokatwa usipite kifundo cha mguu si uchafu, upana wa mita moja kuzunguka ukuta wa nyumba ubaki wazi, unafagiliwa kama kawaida, njia ya kuingilia na mahali pa kupikia vibaki wazi pia.

Sharti la mita moja lilitoka kwa bwana afya, na naona ndilo lililokuwa la thamani kuliko yote. Lilimrudishia bibi uwanja wake wa kufagia. Lilimwonyesha nyoka kabla hajafika mlangoni. Ukoka ukahamia mahali ambapo mmomonyoko ulikuwa mkubwa kweli, yaani nusu ya chini ya uwanja, karibu na mtaro.

Faini ya nyumba ile ilifutwa. Hilo lilisambaa mtaani kwa kasi kuliko tangazo lolote.

Kuhusu mkopo, halmashauri ilikubali kusogeza ratiba ya marejesho ili iendane na mauzo. Na badala ya semina nyingine, kikundi kilipewa vitu viwili: chekeche la wavu wa matundu ya sentimita moja lililotengenezwa na fundi wa hapohapo, na ruhusa ya kuchota maji yaliyotumika kuoshea mboga sokoni.

Msimu wa pili

Marundo yalianza mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa bado zinamalizikia. Yalijengwa kimo na upana usiopungua mita moja, kwa maana rundo dogo halishiki joto. Majani ya miembe, ambayo ni magumu na yanachelewa kuoza, yalikatwakatwa kwa panga. Maranda yakapunguzwa yakawa kidogo sana. Ndago zikapigwa marufuku kwenye rundo. Anayezileta anaelekezwa azianike kwenye sakafu ya saruji hadi zikauke kabisa, maana kiazi chake kikikauka hakioti. Mabua ya tumbaku, ambayo mkoani kwetu hayakosekani, nayo yalikataliwa. Yanaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoshambulia nyanya na pilipili, na kila mtu alijua sehemu ya mboji itaishia kwenye nyanya.

Kikundi hakikuwa na kipimajoto. Walichoma nondo katikati ya rundo, wakaiacha kwa muda, kisha mama mmoja akaichomoa na kuishika. Akishindwa kuing'ang'ania, rundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu, linageuzwa na kunyunyiziwa. Mwezi Juni niliwaona wakigeuza alfajiri, mvuke ukipanda kutoka kwenye kila chepeo, na yule katibu akinusa konzi na kusema bado ina harufu ya soko, isubiri.

Kuiva kulipimwa kwa njia mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzirudia. Mboji yenye unyevu ilifungwa ndani ya kopo kwa siku chache. Ikifunguliwa na kunuka uvundo, haijaiva. Kisha mbegu za mchicha zilipandwa kwenye makopo mawili, moja la mboji iliyochanganywa na mchanga, jingine la mchanga mtupu. Mchicha wa kwenye mboji ukisinyaa au ukikataa kuota, kikundi hakiuzi. Rundo moja lilishindwa jaribio hili mwezi Septemba, na lilirudishwa nyuma licha ya wateja kulisubiri.

Novemba, baada ya mvua za kwanza kulowesha ardhi, mboji ilitandazwa. Vipimo vilibandikwa ofisi ya mtaa kwa lugha ya ndoo. Ukoka ulioshika tayari unataka nusu sentimita tu, ncha za majani zikiendelea kuonekana: eneo la mita 4 kwa 5 linakula ndoo tano za lita 20. Kuotesha upya kwenye mchanga mtupu ni jambo jingine, kunataka sentimita tatu zilizochanganywa na udongo wa juu, na eneo hilohilo linakula ndoo thelathini. Watu wengi hawakuwa wamelitambua hilo msimu wa kwanza, wakatandaza ndoo tatu kwenye uwanja mzima wakitegemea muujiza. Safari hii walishauriwa waanze na ukanda mwembamba wa upande wa mtaroni, na ukoka utatambaa wenyewe.

Nyua zilizobaki na manjano ya mwaka uliotangulia zilipewa pia urea kidogo, kama gramu 10 kwa mita moja ya mraba, ikamwagiliwa papo hapo. Baadhi ya wajumbe walipinga, wakisema mradi ni wa mboji na mbolea ya dukani haifai kuingia. Naunga mkono waliosema ndiyo. Ukoka uliodumaa haushiki udongo, na kiasi kile kilikuwa cha kuuamsha tu.

Matokeo

Kwenye ukanda wa nyumba za bondeni ukoka ulishika na kupita kiangazi bila kumwagiliwa. Ulikauka kama ilivyotarajiwa, na ulichipua mvua iliporudi. Mchanga unaoingia mtaroni kutoka upande huo umepungua kiasi kwamba wakazi wenyewe wanaonyesha kwa kidole mahali tofauti inapoanza. Upande wa juu, ambako wengi walikuwa wameng'oa na hawakurudi kupanda, hali haijabadilika sana, na mchanga wa huko bado unashuka.

Kikundi kinauza. Sehemu kubwa ya ndoo, hata hivyo, haiendi kwenye ukoka. Inaenda kwenye mchicha, matembele na mahindi ya uani. Ofisa mmoja aliona ndoo za bure "zimepotoshwa". Sikubaliani naye. Mama aliyeona mboji ikikuza mchicha wake ndiye aliyekuja kununua ndoo za ukoka msimu uliofuata, na bila wateja wa mboga kikundi kisingeweza kurejesha mkopo.

Jambo moja limeyumba tena. Mzabuni wa taka za soko alibadilika, na mkataba wa mpya haukuwa na kifungu chochote kinachomtaka atenganishe taka. Plastiki zikarudi kwenye rundo, na akina mama sasa wanatumia asubuhi nzima kuchambua, kazi ambayo zamani ilifanyika mezani kwa muuzaji mboga.

Uchambuzi

Ukiangalia fedha, halmashauri iliweka nyingi zaidi kwenye msimu wa kwanza, na ndio ulioharibika. Yaliyofanya kazi msimu wa pili yalikuwa rahisi: karatasi moja ya idara ya afya, chekeche, maji machafu ya mboga, tarehe ya kuanza, na ratiba ya marejesho. Kilichoyaunganisha ni kwamba yote yalikuwa mikononi mwa halmashauri tangu mwanzo. Mkazi hawezi kujipa kinga dhidi ya faini. Kikundi hakiwezi kujipangia marejesho. Hapo ndipo nafasi ya serikali za mitaa ilipo, na ndiyo iliyoachwa wazi msimu wa kwanza wakati nguvu ikienda kwenye vifaa na uzinduzi.

Mkopo haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuupa mkopo wa mboji ratiba ya mkopo wa genge. Anayeuza nyanya anapata fedha siku hiyohiyo, lakini anayetengeneza mboji anasubiri miezi mitatu au zaidi, na kiangazi kinaweza kuongeza. Ratiba iliyopuuza muda wa kuoza ndiyo iliyosukuma mboji mbichi hadi kwenye nyua. Wakazi waliona manjano, lakini chanzo chake kilikuwa kwenye fomu ya mkopo.

Ndoo za bure zina pande mbili. Zilifungua milango ya nyumba ambazo zisingenunua, lakini kwa kuwa zilitolewa wakati mboji ni mbichi, zilieneza sifa mbaya haraka na kwa upana. Kama zingetolewa msimu wa pili, baada ya jaribio la mchicha, nadhani upande wa juu wa mtaa usingepotea.

Kuhusu desturi ya kufagia, mpango wa kwanza uliichukulia kama kikwazo cha kuelimishwa. Mwongozo wa mita moja uliipa nafasi yake, na upinzani ukapungua bila semina yoyote. Wenye nyumba hawakubadilisha mawazo yao kuhusu uwanja safi. Waligawa uwanja.

Kazi iliyobaki iko kwenye mkataba wa taka. Kata imeomba zabuni ijayo iwe na kifungu kinachomtaka mzabuni aweke vyombo viwili kila kizimba cha soko, kimoja cha mabaki ya mboga na matunda, na kupeleka chombo hicho kwenye eneo la kikundi kabla ya saa nne asubuhi, pamoja na sharti kwamba chombo chenye plastiki kinarudishwa kwa gharama yake. Imeomba pia, kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, halmashauri inunue mboji ya kikundi kwa ajili ya nyua za zahanati na shule mbili za kata hiyo, ambazo nazo ziko juu ya mtaro uleule.